Mashua ya Chagua

Mume wangu alipostaafu ndipo nilipojua kwamba anazitambua ndege kwa sauti. Tunakaa Kanombe, hapa Kigali, karibu na uwanja wa ndege alikofanya kazi ya mizigo tangu kabla hatujaoana, na mwishoni alikuwa msimamizi wa zamu. Miaka yote hiyo mimi nilitoka asubuhi kwenda Nyamirambo kwenye cherehani yangu na kurudi jioni, kwa hiyo sikuwahi kushinda naye nyumbani. Sasa nikirudi namkuta ua wa nyuma, kwenye kiti cha plastiki, chakula nilichomfunikia hakijaguswa. Ndege ikipita anasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ya Nairobi. Imechelewa." Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya jioni.

Sikujua la kufanya. Nilimwambia aje dukani anisaidie kupokea wateja, akaja siku moja, akakaa mlangoni kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari, kesho yake hakuja. Nilimtafutia kuku. Kuku wakafa.

Halafu mwenzake wa zamani wa uwanjani akamtumia picha kwenye simu. Nilikuwa nachambua mchicha. Alikuja akasimama mbele yangu, akaniwekea simu karibu na pua.

"Ona hii, sha. Inauzwa. Iko Rubavu, ziwani."

Ilikuwa mashua nyeupe yenye mlingoti mrefu na kijumba kidogo katikati.

"Ya kuvulia sambaza, wale dagaa?" nikauliza.

"Sambaza gani? Hii ni ya tanga. Ya kusafiria. Ndani kuna vitanda. Unalala humo, unapika chai, asubuhi unaamkia kisiwa kingine."

"Nani anaamkia huko?"

"Mimi na wewe."

Inabidi nieleze. Mume wangu ni Mnyarwanda aliyezaliwa Bujumbura, kwa wazazi waliokimbia. Ujana wake aliupitisha ufukweni mwa ziwa Tanganyika, kwenye klabu moja ya wageni waliokuwa na mashua za tanga. Kazi yake ilikuwa kuziosha na kuzifunika, lakini mgeni akikosa mwenzake wa kumsaidia majini, alimchukua yeye. Hiyo ndiyo hadithi yake ya ujana, naijua hata pale anapokosea. Mimi ni mtoto wa Nyamirambo. Babu yangu mzaa baba alitoka pwani na marobota ya kitambaa, lakini mimi nilipozaliwa bahari ilikuwa imebaki kwenye lugha tu. Maji ninayoyajua ni ya bomba, na ya mvua yanayoteremka mlimani na kuingia dukani. Sijui kuogelea. Yeye analijua hilo.

Lakini tazama, alikuwa ameongea. Alikuwa amesimama jikoni, anaongea na mikono, anaonyesha upepo unatoka wapi. Ningesema nini? Nikasema, "Twende tukaione."

Nguo za mitumba Kigali tunaziita chagua, kwa sababu wauzaji walizimwaga chini na kupiga kelele, chagua, chagua. Nimezichukia maisha yangu yote, maana ziliniharibia biashara. Lakini najua namna ya kuzinunua. Unaigeuza nguo ndani nje, unaangalia kwapa, unaangalia mshono wa makalio. Nikadhani mashua haitakuwa na tofauti kubwa.

Fedha tuliyokuwa nayo ni mafao yake, yaliyobaki baada ya kuezeka upya nyumba. Ilitosha mashua iliyozeeka, haikutosha mashua nzuri, na hapo katikati ndipo palipokuwa na hatari yote. Mume wangu alijiwekea sheria. Alinieleza njiani: tuikubali kasoro tunayoweza kuirekebisha hapa hapa Rwanda, tukatae ile tusiyoiweza. Kamba zinapatikana. Rangi inapatikana. Injini ndogo ya nyuma, mafundi wapo. Tanga likichanika, "fundi ninaye, amelala kitandani kwangu." Alicheka. Lakini mwili wenyewe wa mashua na mlingoti, hivyo hakuna wa kuvitengeneza nchi nzima.

Ile ya Rubavu ilikuwa imepandishwa kwenye mchanga nyuma ya hoteli ndogo. Kijana aliyekuwa anaiuza kwa niaba ya mwenyewe alikuwa ameipaka rangi mpya, bado inanuka. Mume wangu alipanda juu akaanza kugongagonga sitaha kwa kishikio cha kisu, pole pole, huku ameinamisha sikio. Mwanzoni ililia ko, ko, ko. Karibu na mlingoti ikaacha kulia. Akaweka kisigino, akaegemea kidogo. Ubao ukabonyea kama godoro.

"Imeoza," akasema.

"Mzee, hiyo ni rangi tu haijakauka," kijana akasema.

"Rangi haibonyei, mtoto wangu."

Nilifurahi. Nakiri nilifurahi kwa sababu nilimwona mume wangu akiwa msimamizi tena, na pia kwa sababu mashua ilikuwa imeoza na tungerudi nyumbani. Ya pili ilikuwa ya chuma, kutu imeila ndani kwa ndani, na hiyo hata hakupanda juu. Nikaanza kuamini kwamba mambo yataisha hivyo: tutazunguka tukitazama, atakuwa na kitu cha kuzungumza, na siku moja itatosha.

Ya tatu ilikuwa Karongi.

Mwenye nayo alikuwa mzee wa Kizungu aliyekaa Bukavu miaka mingi kabla ya kuhamia upande wetu wa ziwa. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto wake huko Ulaya walikuwa wanampigia simu kila wiki arudi wamtunze. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu kabisa. Alitupokea amevaa kaptula, miguu myembamba kama ya korongo, akatupeleka chini ya banda la mabati.

"Iko muzee sawa miye," alisema, akaipiga mashua kofi la ubavuni. "Lakini haivuje."

Ilikuwa ya faiba, ndefu kama basi la koasta lakini nyembamba, na ndani mtu huwezi kusimama wima. Vitanda viwili kama rafu za duka. Jiko la gesi la moto mmoja. Ndoo, kwa shughuli ile nyingine. Mume wangu aligonga kila mahali, na kila mahali palilia. Alilala chini ya mashua, akatazama mkuku, ule ubao mzito wa chini unaoizuia isipinduke; huu ulikuwa wa kupandishwa na kushushwa kwa waya. Waya ulikuwa na kutu. Akanitazama kutoka kule chini, uso umejaa vumbi, macho yanang'aa. "Waya tutapata kwenye gereji yoyote," alisema.

Kisha mzee akatoa matanga kwenye mfuko na kuyatandaza kwenye majani, na hapo wote wawili wakanigeukia mimi.

Nilipiga magoti. Kitambaa kilikuwa kigumu, cheupe kilichoanza kuwa cha manjano. Nilivuta mshono kwa ukucha, uzi ukakatika bila kelele, kama unywele. Jua lilikuwa limeula. Lakini kitambaa chenyewe kilikuwa kizima. Niliwaambia kweli: uzi umekufa, kitambaa hakijafa, naweza kushona upya kila mstari kwa cherehani yangu nzito. Nilisema hivyo kwa sababu niliulizwa kitu ninachokijua, na nilipoona mume wangu anavyotikisa kichwa kwa fahari, nikajua nimeweka mguu mahali ambapo siwezi kuutoa.

"Munajua kuendesha?" mzee akauliza.

"Najua," mume wangu akasema. "Tangu Bujumbura."

"Bon. Keesho tutaona."

Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Asubuhi tuliiteremsha mashua majini kwa msaada wa watu wa pale. Mzee alinivalisha jaketi la kuelea, akanifunga mikanda kama mtoto anayepelekwa shule. Nilikaa pale aliponionyesha, nikashika kitu cha chuma, sikukiachia mpaka mwisho.

Nitasema kweli, mwanzo wake ulikuwa mzuri. Injini ilizimwa, tanga likajaa, na ghafla hapakuwa na sauti isipokuwa maji yakipita ubavuni. Mume wangu alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine kamba ya tanga, ile wanayoiita demani. Niliwaza kwamba yule kijana wa hadithi, niliyemsikia mara mia na kumdhania nusu uongo, kumbe alikuwapo. Visiwa vilikuwa vimekaa kwenye maji, kijani kibichi. Mzee alikaa mbele, anatazama tanga, anatazama mikono ya mume wangu.

Mchana wingu likatokea upande wa Kongo. Halikuwa kubwa. Mzee alisema turudi, mume wangu akasema sawa, akageuza vizuri kabisa, na upepo ukatupiga ubavuni kabla hatujakaa sawa.

Sijui kueleza jinsi kitu unachokikalia kinavyoweza kuwa ukuta. Upande wangu ulipanda juu, upande wake ukashuka, maji yakaingia kwenye sitaha na kumfika magotini. Mzee akapiga kelele, "Achilia kamba! Baba, achilia!" Hata mimi nilielewa: kamba ikiachiliwa, tanga linaumwaga upepo, mashua inasimama. Ilikuwa ni kufungua mkono tu.

Hakuufungua. Nikamwona anautazama mkono wake. Kamba alikuwa ameizungusha kwenye kiganja, mizunguko miwili au zaidi, na sasa uzito wote wa upepo ulikuwa umeikaza kwenye nyama, na vidole vilikuwa vimekunjwa juu yake kama si vyake. Alikuwa anauambia mkono ufunguke. Niliona midomo yake inatembea.

Nilikiachia kile chuma. Kitu pekee nilichofikia ni mkanda wa suruali yake, nikaushika kwa mikono miwili, nikavuta. Haikusaidia kitu. Nilijua haisaidii, nikaendelea kuvuta. Nilikuwa nasema jina la Mungu na jina lake, vyote pamoja.

Mzee alitambaa kutoka mbele, akausukuma usukani kwa kifua chake chote, na mashua ikageuza pua kuelekea upepo ulikotoka. Tanga likapiga kelele kama mabati, kamba ikalegea, tukasimama wima. Ilikuwa imeisha. Mzee alizungusha ile kamba pole pole kuitoa kwenye kiganja cha mume wangu, kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji, kisha yeye mwenyewe akaturudisha ufukweni. Mvua ilitukuta tumeshafika.

Kwenye banda nilimkausha mkono kwa khanga yangu. Kamba ilikuwa imechora mifereji myekundu.

"Kwa nini uliizungusha?" nikamuuliza.

"Kwa sababu siisikii." Alikuwa anatazama mvua. "Nikishika kitu sijui kama nimekishika. Ni lazima nikitazame."

"Tangu lini?"

"Tangu kazini. Mizigo. Nilidhani nikipumzika itaisha."

Vikombe vilivyovunjika jikoni. Ufunguo alionipa mimi nifungue lango. Nilivipanga kichwani kimoja kimoja na havikunisaidia lolote. Akaenda kubadilisha nguo ndani ya nyumba ya mzee, na simu yangu ikalia. Alikuwa binti yetu, anakaa Kimironko na mumewe, na alikuwa ananipigia tangu asubuhi.

"Mama, mmeinunua?"

"Bado."

"Mzuie basi. Wewe anakusikiliza. Watu wa umri wenu wananunua shamba, wananunua ng'ombe, hata baiskeli. Mashua ya nini? Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sasa utamwambia nini?"

Nikamwambia mvua ni kubwa, nitampigia baadaye.

Mzee wa Kizungu alikuwa amekaa kwenye kreti, anakamua maji kwenye soksi. Alisubiri mpaka nilipoweka simu.

"Mama," akasema, "mi naweza kukatala kuuzisha. Nitasema watoto yangu wamekatala. Atanikasirikia miye, hatakukasirikia wewe. Lakini sema sasa, mbele ya yeye kutoka."

Niliona kiti cha plastiki ua wa nyuma. Niliona ule mkono. Nikisema ndiyo, nitaishi na mtu aliyekaa kwenye kiti. Nikisema hapana, siku moja nitapigiwa simu na mtu wa Karongi nisiyemjua. Nilitafuta njia ya tatu, kwa kweli nilitafuta, mvua inapiga mabati, na mlango wa nyumba ukawa unafunguka.

"Mimi sijui, mzee," nikasema.

Akavaa soksi yake mbichi. "Hata miye sijue," akasema.

Mume wangu alikuja amevaa shati la mzee, limembana. Akasimama mbele yetu, akasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "Mkono utatibiwa. Mashua ni nzuri. Naichukua." Mzee akapunguza bei bila kuombwa. Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi siku ile. Mume wangu alishindana na bei maisha yake yote, kila soko, kila mnada. Safari hii alipunguziwa na hakusema hata asante. Alikuwa anajua anapunguziwa nini.

Kabla mzee hajaondoka nchini, alimfundisha tena yote aliyoyaweza, mashua ikiwa imefungwa kwenye boya. Boya hilo lilikuwa mbele ya kiwanja cha rafiki yake mmoja, aliyekubali tuliache pale. Kisha mzee akaenda zake. Alinikumbatia, akanuka tumbaku na mafuta ya injini, akaniambia nisisahau kuukagua ule waya wa mkuku.

Tulienda hospitali. Daktari, msichana mpole, alimwambia mume wangu afumbe macho, akamchoma ncha za vidole kwa sindano ndogo, akamwuliza, unasikia, husikii? "Sisikii," akajibu. "Sisikii. Hapo kidogo. Sisikii." Alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha kila mkono, kwa miaka, na kwamba wakiufungua huenda ukaamka na huenda usiamke. Walimpasua mkono wa kulia. Kidonda kilipona vizuri sana. Maumivu ya usiku yaliisha. Vidole havikuamka. Wa kushoto alikataa kupasuliwa, na mimi sikumlazimisha, sikuwa na la kumwahidi.

Matanga niliyashona. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimesema nitafanya. Tanga kubwa lilijaza duka lote, likatoka nje mpaka barabarani, nikalazimika kulikunja na kulisukuma chini ya cherehani kipande kwa kipande, huku fundi mwenzangu akilibeba upande wa pili. Wateja waliingia wakiuliza kama ni hema la harusi. Jirani mwenye duka la viungo aliuliza kama nimepata kazi ya jeshi. Nilisema ni tanga la mashua. "Ya wapi?" "Yetu." Watu wa Nyamirambo hawajui kunyamaza, lakini hapo walinyamaza, wakatazamana. Nilishona mistari mitatu pale palipokuwa na miwili, kwa uzi mnene wa kushonea viti vya magari. Ni kazi nzuri. Sijawahi kushona kitu kikanipendeza hivyo, na sijawahi kushona kitu nikitumaini namna ile kwamba hakitatumika.

Tulitafuta mtu wa kuiendesha pamoja naye. Wavuvi wa sambaza ni hodari, wanaimba na kupiga makasia pamoja mpaka mbali, lakini tanga hawalijui na hawalitaki. Vijana wa boti za watalii wanajua injini. Mmoja alikubali, alikuja mara moja, akagongwa kichwa na boriti ya tanga, akacheka, akaomba nauli, hakurudi.

Basi tukawa tunakwenda kulala humo tu. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukimaliza kufagia mtaa wetu na mabasi yakianza kutembea, tunashuka stendi ya Nyabugogo, tunafika Karongi giza linaingia, kijana wa mtumbwi anatuvusha mpaka kwenye boya. Nilijifunza kulala kwenye rafu. Nilijifunza kupika chai kwenye kitu kinachotikisika. Mume wangu anasema mashua iliyofungwa haikai, inazunguka, inafuata upepo hata bila tanga, na ni kweli, unaamka asubuhi dirisha linaonyesha mlima mwingine. Anakaa nyuma karibu na usukani, anatazama. Sina hakika kama ni tofauti na kile kiti cha plastiki. Siku nyingine nadhani ni tofauti kubwa. Siku nyingine nakaa ndani, namtazama mgongo wake kupitia mlango mdogo, na sioni tofauti yoyote.

Asubuhi moja hapakuwa na upepo hata kidogo, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Akaniambia, "Njoo tulipandishe. Likauke, lisije likaota ukungu." Nilivuta mimi kamba, yeye akiniongoza. Tanga likapanda lote mpaka juu. Lilining'inia tu, kubwa, jeupe, na mishono yangu yote ikaonekana kwa jua. Alikaa chini yake mpaka joto lilipozidi. "Umeshona vizuri," akasema. Kisha tukaliteremsha kabla upepo haujaja.

Mwaka huu mwenye kiwanja aliuza. Mnunuzi anajenga vyumba vya wageni, na tuliambiwa kwa upole kwamba boya letu litakuwa mbele ya madirisha ya watu waliolipia kutazama ziwa. Tulipata ghuba nyingine, upande wa pili wa rasi, kwa masista wenye bustani inayofika majini. Ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Injini yetu ndogo ilikuwa gereji, na fundi alikuwa hapokei simu. Tukakodi boti ituvute.

Jamaa wa boti alikuwa mchangamfu, na redio yake ikiimba. Alifunga kamba nene kwenye pua ya mashua yetu, akatuvuta. Tulikuwa wawili tu ndani. Mume wangu alikaa kwenye usukani. Kwa kuwa haviamini vidole, aliushika kwa viganja vyote viwili, ameubana katikati kama mtu anayeomba dua.

Tulipozunguka rasi upepo ukaja. Ulikuja wa nyuma kidogo, wa ubavuni, mwepesi, umenyooka. Hata mimi niliujua kuwa ni mzuri. Mashua nayo iliujua. Iliinama kidogo, ikataka kukimbia, ile kamba ya kuvutia ikalegea na kuzama majini. Mume wangu alitazama juu ya mlingoti. Alitazama tanga lililolala kwenye mfuko wake. Nilishika goti langu nikasubiri aseme neno, na sijui kama ningekubali au ningekataa. Hakusema. Boti ikaongeza mwendo, kamba ikakazika, ikatunyakua.

Jamaa akageuka akapiga kelele: "Mzee! Achia huo usukani, mimi navuta! Kaa tu utulie!"

"Ninao!" mume wangu akajibu. "Wewe vuta!"

"Haina kazi, mzee!"

"Vuta!"

Hakuuachia. Kwenye ghuba ya masista jamaa alitufungulia kamba mbali kidogo, kwa sababu aliogopa mawe, akatupungia mkono, akaondoka na redio yake. Tukabaki tunaelea. Boya jipya lilikuwa pale, la njano, karibu kabisa, na upepo ulikuwa unatupeleka pembeni.

"Chukua ile fimbo yenye ndoano," alisema. "Mimi sitaiweza. Nenda mbele. Piga magoti, usisimame."

Nilikwenda mbele kwa magoti. Nilinyoosha fimbo, nikalikosa boya. Maji chini yangu yalikuwa meusi. Nilisikia anageuza usukani nyuma yangu, na pua ya mashua ikarudi kidogo, kidogo sana. "Sasa," akasema. Nikainama zaidi ya nilivyotaka, ndoano ikaingia kwenye pete, nikavuta mpaka boya likagonga ubavu, nikalikumbatia.

"Nimelishika," nikasema. "Sasa nifanye nini?"

Akanieleza namna ya kufunga. Nilifunga fundo, likafunguka. Akanieleza tena, pole pole, mwisho wa kamba upite chini, uzunguke, urudi ulikotoka, na mikono yake hewani inanionyesha.